Maswali ya Wasomaji: Kuchapa kwa Bamba la Jelatini Nyumbani

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kuchapa picha kwa bamba la jelatini, yaani kumwaga jelatini ya mapishi ndani ya sinia, kuiacha igande, kuipaka rangi ya akriliki kwa rola ya mpira, kisha kuipokea rangi hiyo kwa karatasi, ili kila mchapo uwe wa pekee usioweza kurudiwa. Barua zilizofuata zimetoka kwa watu waliokwisha kujaribu wenyewe, na nimechagua zile ambazo tatizo lake linaweza kumpata yeyote mwenye meza ya sanaa nyumbani kwake.

Swali: Nilichanganya jelatini na maji matupu kama mlivyoeleza. Asubuhi bamba lilikuwa zuri, lakini ilipofika saa nane mchana, nikiwa nimechapa karatasi nne tu, pembe zake zililegea na rola ikaanza kuzama. Nililiweka kwenye friji, na siku ya tano nikakuta limeota ukungu. Nimekosea wapi? – Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: Ndugu msomaji, mikono yako haina kosa. Kosa ni letu, kwa sababu tulitoa kipimo kinachowafaa watu wa mahali penye baridi. Jelatini ni protini inayotolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, nayo huyeyuka katika joto linalokaribia lile la mwili wa binadamu, ndiyo maana ile ya kuliwa huyeyuka mdomoni bila kutafunwa. Chumba chenye paa la bati kikifika nyuzi joto 32 mchana, bamba lako limebakiza hatua chache tu kurudi kuwa uji. Tena jelatini na maji ni chakula, na ukungu hausubiri kukaribishwa.

Dawa ya matatizo yote mawili ni gliserini, ileile inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya ngozi, ila uhakikishe kuwa chupa unayonunua ni ya gliserini tupu, kwani nyingine huwa zimekwisha kuchanganywa na maji ya waridi au manukato. Kwa bamba dogo la kujifunzia, pima gramu 28 za unga wa jelatini isiyo na ladha wala sukari, uukoroge ndani ya mililita 120 za gliserini mpaka madonge yaishe, kisha mimina mililita 120 za maji yanayochemka huku ukiendelea kukoroga taratibu. Usipige kama unayepiga mayai, maana kila povu unalolitengeneza litabaki kuwa kishimo kwenye uso wa bamba. Ukitaka bamba linalokaribia ukubwa wa karatasi ya A4, zidisha vipimo vyote mara tatu. Mimina mchanganyiko huo katika sinia yenye kitako bapa ufikie kina cha sentimita moja na nusu hivi, halafu chukua kipande cha gazeti, ukiburute juu ya uso wake kutoka upande mmoja hadi mwingine ukingali wa moto, nacho kitazoa viputo vilivyoelea.

Bamba la namna hii halihitaji friji na hudumu kwa miezi mingi. Likichakaa au likipasuka, likate vipande, uvipashe katika bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, umwage upya. Jambo moja tu wakazi wa pwani walizingatie: gliserini huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo wakati wa masika bamba huweza kutoa jasho. Lifuteni kwa karatasi laini kabla ya kulipaka rangi, na mkimaliza kazi mlifunike kwa plastiki nyororo iliyolala bila mikunjo, kwa sababu mikunjo hiyo huacha alama.

Swali: Ninachapa majani ya mimea pamoja na watoto wangu siku za mapumziko. Badala ya jani tunapata doa la rangi, na mara nyingine karatasi inang'ang'ania bamba mpaka inachanika. – Mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro

Jibu: Mwalimu, nina hakika karibu kamili kwamba mnaweka rangi nyingi mno. Hili ndilo ninalotamani kila anayeanza alishike kabla ya kununua hata chupa ya pili ya rangi. Tone lenye ukubwa wa punje ya harage linatosha bamba dogo zima. Weka gazeti chini ya bamba, na ukishasambaza rangi jaribu kusoma kichwa cha habari kupitia bamba: kikiwa hakionekani kabisa, rangi imezidi, na inafaa upitishe rola juu ya karatasi taka, kisha uirudishe kwenye bamba mara kadhaa. Sikiliza pia. Rola inayopita juu ya rangi nyingi hulia kama kandambili kwenye sakafu iliyolowa, lakini rangi ikiwa ya kiasi utasikia mnong'ono tu.

Baada ya hapo, laza jani upande wake wa chini ukiangalia rangi, kwa kuwa ndiko mishipa ilikotokeza. Funika kwa karatasi, sugua kwa kiganja, uinue. Mchapo huu wa kwanza utakupa umbo jeupe la jani katikati ya rangi, na wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha, kumbe uzuri wenyewe umebaki kwenye bamba. Liondoe jani kwa ncha ya sindano bila kuliburuta. Chini yake utaona rangi ambayo karatasi ya kwanza haikuifikia, nayo imeshika alama ya kila mshipa, hata ile midogo kama uzi wa buibui. Laza karatasi ya pili upesi na usugue kwa kubonyeza zaidi. Watoto wako wakiuona mchapo huo wa pili, hutahitaji kuwaeleza kwa nini tunafanya kazi hii.

Nasema upesi kwa sababu akriliki hukauka kwa maji yake kupotea hewani, na katika joto letu safu nyembamba hukauka ndani ya dakika chache. Zima feni inayopuliza juu ya meza, nyunyiza umande kidogo wa maji kwenye karatasi, na mfanye kazi hii asubuhi. Rangi ikikaukia kwenye bamba usiikwangue wala usiisikitikie: paka juu yake safu nyembamba ya rangi nyingine, laza karatasi, iache kwa dakika kadhaa, na safu mpya itainuka pamoja na ile iliyokauka. Baadhi ya michapo ninayoithamini sana imetoka katika mabaki ya namna hiyo.

Kuhusu kuchanika, epukeni karatasi yenye kung'aa, hasa ile ya picha, ambayo huweza kung'oa kipande cha bamba. Karatasi ya kawaida ya kutolea kopi inafaa kwa mazoezi, na manila nyeupe inafaa kwa kazi ya kutunza.

Swali: Nilichapa jani bichi la mpapai, na siku iliyofuata nikakuta bamba lina vishimo vinavyofuata umbo la kikonyo. Ni bahati mbaya? – Msomaji, Mombasa

Jibu: Hapana, ni utomvu. Mpapai una kimeng'enya kinachovunjavunja protini, kilekile kinacholainisha nyama ya mishkaki tunapoisugulia papai bichi, na jelatini ni protini. Nanasi bichi lina tabia hiyohiyo. Umbo la jani la mpapai linavutia kweli, kwa hiyo lichore kwenye karatasi ngumu, ulikate, utumie hiyo badala ya jani lenyewe. Bamba lako liyeyushe ulimwage upya.

Swali: Familia yetu haitaki kuingiza nyumbani jelatini ambayo asili yake haijulikani. Tunaishi jirani na wakulima wa mwani. Je, tunaweza kuutumia badala yake? – Msomaji, Jambiani, Unguja

Jibu: Kwanza, ipo jelatini ya ng'ombe yenye muhuri wa halali, na hiyo hutoa bamba sawasawa na lolote lile, kwa hiyo someni pakiti. Pili, mwani unaolimwa kwa wingi Unguja na Pemba hutoa karajini, inayotumiwa viwandani kuyapa uzito maziwa na dawa ya meno, na kuuchemsha jikoni hakutawapa bamba imara la kuchapia. Mnachohitaji ni unga wa agari, ambao nao hutokana na mwani, ila wa jamii nyingine. Gramu 2 katika kila mililita 100 za maji hugandisha bamba gumu, mradi mchanganyiko uchemke kweli kwa dakika chache. Faida yake katika joto ni kubwa, kwa kuwa agari ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie nyuzi joto 85. Hasara yake ni kwamba haina mnyumbuko wa jelatini: ukilikunja bamba linavunjika kama biskuti, na pia hutoa majimaji. Lihesabuni kuwa bamba la siku moja au mbili.

Swali: Ninayo picha ya marehemu bibi yangu akiwa amevaa kanga, na ningependa kuihamishia kwenye mchapo. Niliichapa kwa printa yangu ya wino, lakini haikutokea chochote. Nahofia pia kwamba jina la kanga litatoka limegeuka. – Mwanafunzi, Nairobi

Jibu: Pole kwa kuondokewa na bibi. Wino wa maji huzama katika karatasi na kuiacha ikinyonya rangi kila mahali sawasawa. Peleka picha hiyo dukani wanakotoa kopi kwa mashine ya unga mweusi, uombe weusi ukolezwe. Unga huo una plastiki ndani yake, nao huikataa rangi. Paka bamba safu nyembamba sana ya akriliki nyeusi, laza kopi ikiangalia chini, sugua, na uivue baada ya sekunde chache tu: sehemu nyeupe za karatasi zitaondoka na rangi, na pale palipokuwa na weusi wa picha rangi itabaki kwenye bamba. Iache ikauke kabisa. Kisha pitisha juu yake safu ya rangi hafifu, krimu au njano ya haradali, laza karatasi ya manila, weka kitabu kizito juu yake na usubiri kama robo saa kabla ya kuivua. Kuhusu maandishi usihofu. Picha hugeuka mara ya kwanza inapoingia kwenye bamba, na hugeuka tena inapotoka kwenda kwenye karatasi, kwa hiyo jina la kanga ya bibi litasomeka kama alivyolivaa.