Sarafu ya Mjerumani Usiisugue

Sarafu yangu ya kwanza ya enzi za Mjerumani niliiharibu mwenyewe, kwa limau na mchanga. Ilikuwa heller 20 ya Tabora, ya mwaka 1916; heller ilikuwa senti ya rupia, fedha ya koloni la Mjerumani. Bibi mzaa mama aliitunza kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na vifungo na sindano, na siku aliponipa ilikuwa imeshika rangi ya kahawia iliyokolea, kama chungu kilichozoea moto. Mimi nikaona uchafu. Nikaisugua mpaka ikang'aa.

Baadaye nikaipeleka kwa mzee mmoja anayekusanya sarafu tangu ujana wake. Akaigeuza mara moja chini ya lensi, akashusha pumzi. "Mwanangu, nani kakutuma?" Michirizi ilikuwa imejaa hadi juu ya taji, na ile herufi T chini yake imebaki kivuli.

Hiyo T ndiyo ilikuwa roho ya sarafu. Sarafu za koloni zilikuwa zikitoka Ujerumani kwa meli, zenye herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Vita vilipoanza, Waingereza wakaifunga bahari na sarafu zikaadimika, basi mwaka 1916 Wajerumani wakagonga za kwao kwenye karakana ya reli, Tabora: heller 5, heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye tembo na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likauteka mji. Kwa hiyo kila sarafu yenye T ni kazi ya miezi michache tu, iliyogongwa kwa haraka, na haraka hiyo unaiona: ukingo haukukaa sawa, maandishi yamezama upande mmoja. Ukisugua, unaifuta.

Basi ukipata sarafu ya zamani, ishike kwenye ukingo, ipulize vumbi, iweke kwenye bahasha yake peke yake. Usitumie majivu, dawa ya meno wala siki. Rangi ya uzee ndiyo inayomwonyesha mnunuzi kuwa haijachezewa, na ikishatoka hairudi.

Kwa anayeanza, nisingemshauri akimbilie rupia. Anza na heller 1, au zile heller 10 zenye tundu katikati. Serikali ya kikoloni ilipoleta heller mwaka 1904, 100 kwa rupia, iliziondoa pesa za shaba za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotangulia serikali hiyo, 64 kwa rupia, zenye maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria. Ukizipanga hizo mbili mezani unakuwa umeshika maneno unayoyatamka kila siku: pesa, na hela, ambayo ni heller hiyohiyo.

Rupia ikija, nenda nayo kwa sonara mwenye mizani nzuri. Rupia ya fedha, yenye Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Wajerumani, aliyevaa kofia ya vita, ina gramu 11.66, kuchakaa huipunguza kidogo, lakini ikikosa gramu mbili, achana nayo. Ikivutwa na sumaku, usiendelee hata kuuliza bei. Na anayekwambia rupia yake ina nguvu, inavuta mchele au inazima simu, anataka fedha zako. Nimeona watu wazima wakiuza ng'ombe kwa ajili ya hadithi hiyo, na inaniuma sana. Kuchimba mali ya Mjerumani usiku ndiyo usiguse kabisa: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inataka kibali, na mnachimbua historia bila kuandika ilikuwa imelala wapi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kumuuliza mwenye sarafu imefikaje kwake. Mpe shikamoo, kaa, msikilize kabla ya kutaja bei, kisha andika. Bibi yangu nilimuuliza nikiwa nimeshachelewa, lakini alikuwa bado anakumbuka: baba yake alilipwa sarafu ile kwa kubeba mizigo ya askari, na hakupata pa kuitumia kwa sababu Wajerumani walioitoa walikuwa wameshakimbia. Nimeyaandika maneno yake kwa penseli nyuma ya bahasha. Sarafu yenyewe imeanza kurudi hudhurungi pembeni, lakini T bado haionekani vizuri.