Je, uhusiano wa kimataifa ni kozi ya kuongea tu?

SWALI: Habari ya kazi, mwalimu. Mimi nauza nguo soko la Kibuye hapa Kisumu, na ndimi ninayemlipia karo binti wa marehemu kaka yangu. Alipata B katika KCSE. Anataka kusomea uhusiano wa kimataifa na hasikii la mtu. Jamaa zetu wananiambia hiyo ni kozi ya kuongea tu, na kwamba kazi za ubalozi zina wenyewe. Niambie bila kunificha: watasoma nini hasa miaka yote minne? Ni kweli hiyo ndiyo njia ya kuingia Wizara ya Mambo ya Nje? Na kama alama zake zinafika sheria, si afadhali achukue sheria? – Shangazi, Kisumu

JIBU: Dada, nianze na lile unalotaka kulijua kabla hujatoa senti. Kozi ni ya kweli na ina uzito wake, kwa hiyo binti asivunjwe moyo. Ila jina la shahada hii peke yake halimpi mtu kazi. Kazi humjia anayetoka chuoni akiwa na shahada hii pamoja na ujuzi mwingine mmoja alioushika sawasawa: kusoma na kuandika lugha ya mikataba, au Kifaransa cha kufanyia kazi, au takwimu na uchumi. Wanafunzi wanaohangaika baada ya kuhitimu, kwa nilivyoona katika kufundisha, ni wale waliopita miaka minne wakikusanya uniti bila kuchagua ujuzi huo. Nitayarudia haya kila mahali katika jibu hili kwa sababu ndiyo yanayoamua kama karo yako itazaa.

Sasa masomo yenyewe. Mwaka wa kwanza huwa wa msingi: historia ya jinsi dola zilivyoanza kutambuana na kuwekeana mipaka, siasa za Afrika, utangulizi wa uchumi, na nadharia. Hapo kwenye nadharia ndipo wengi huchoka, maana wanaambiwa kuhusu uhalisia, uliberali na kadhalika kabla hawajaona kazi yake. Avumilie. Taaluma hii ilipata kiti chake cha kwanza cha uprofesa chuoni mwaka 1919, kule Aberystwyth nchini Wales, mara tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na swali lake la kwanza lilikuwa zito: kwa nini mataifa hupigana, na nini kinaweza kuyazuia? Nadharia zote anazofundishwa ni majibu yanayoshindana kwa swali hilo. Kuanzia mwaka wa pili huja sheria za kimataifa, mashirika ya kimataifa, uchumi wa kisiasa, sera ya nje ya Kenya, utatuzi wa migogoro, diplomasia na itifaki zake. Mwisho huja mbinu za utafiti, atachimenti na mradi wa utafiti. Mpangilio hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, lakini mifupa ni hiyo.

Hayo ni majina ya uniti tu, na ndiyo maana watu wa nyumbani wanaona ni maneno. Acha nikuonyeshe zoezi moja ninalopenda kuwapa wanafunzi, kwa sababu linahusu maji unayoyaona ukishuka Dunga.

Mwaka 1929 Uingereza, ikizisemea nchi ilizokuwa ikizitawala huku kwetu, ilikubaliana na Misri kwamba hakuna kitakachojengwa kwenye Mto Nile, matawi yake au maziwa yanayoulisha, kitakachopunguza maji ya Misri bila Misri kukubali. Ziwa Victoria limo. Uhuru ulipokuja, Tanganyika ya Nyerere ilisema mwaka 1962 kwamba haifungwi na makubaliano hayo ambayo haikuyafanya. Miaka mingi baadaye, Mei 2010, nchi za juu ya mto zilianza kutia saini mkataba mpya wa ushirikiano kule Entebbe. Kenya ilitia saini mwezi huohuo. Mkataba huo ulianza kufanya kazi Oktoba 2024, baada ya nchi ya sita kuuridhia, yaani kukubali rasmi kufungwa nao. Zilizouridhia ni Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini.

Swali ninalowauliza wanafunzi ni moja: mwezi ule wa Oktoba 2024, Kenya ilikuwa imefungwa na mkataba huo au la?

Mtu asiyesoma atasema ndiyo, kwani si ilitia saini? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anatakiwa kukujibu hivi. Kutia saini ni jambo moja, kuridhia ni jingine. Ibara ya 18 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba inaeleza kwamba nchi iliyotia saini lakini haijaridhia inapaswa kujizuia na vitendo vya kuharibu lengo la mkataba. Majukumu kamili bado hayajaibana. Kisha anafungua Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 2(6), inayosema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Halafu anaitafuta Sheria ya Kutunga na Kuridhia Mikataba ya mwaka 2012 ili ajue Baraza la Mawaziri linafanya nini na Bunge la Taifa linaingilia wapi. Baada ya hapo anaandika ukurasa mmoja, si zaidi, ambao waziri mwenye haraka anaweza kuusoma akauelewa. Ukurasa huo mmoja ndio kazi. Watu wanalipwa kuuandika, na ni wachache wanaouandika vizuri.

Ukitaka mfano wa biashara, mwulize mzee yeyote aliyefanya kazi katika viwanda vya minofu ya samaki Kisumu miaka ya tisini. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wetu kwa sababu ya kipindupindu, kisha mwaka 1999 ukawazuia tena wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Mbuta alikuwa yuleyule na ziwa lilelile, lakini mtu aliyekaa Brussels aliamua, na vibarua huku wakarudi nyumbani. Uchumi wa kisiasa wa kimataifa unafundisha kwa nini nchi kubwa zina uwezo huo, nchi ndogo inajiteteaje, na vipimo vya maabara vinageukaje kuwa hoja mezani. Kinachonisikitisha ni kwamba wanafunzi wetu wengi wataandika mradi kuhusu Marekani na China, na hili lililotokea mlangoni mwao hawalijui.

Kuhusu Wizara, shahada hii ni njia mojawapo, wala si ya pekee. Ajira za maofisa hutangazwa hadharani na hupitia Tume ya Utumishi wa Umma; huduma yenyewe inaongozwa na Sheria ya Huduma ya Mambo ya Nje ya mwaka 2021. Nafasi za kuanzia ni chache na waombaji ni wengi mno, na wanaoomba hawatoki kozi hii tu. Wamo wanasheria, wanauchumi, watu wa lugha. Hilo la kwamba kazi zina wenyewe silipuuzi; mabalozi wengine huteuliwa kisiasa na kila mtu anajua. Ila ofisa wa kawaida anayeandika ripoti, kuhudumia Wakenya waliopoteza pasipoti ugenini na kufuatilia mazungumzo ya biashara hupatikana kwa usaili, na kwenye usaili karatasi nyingine zikilingana, mwenye Kifaransa au Kiarabu huonekana haraka. Ushauri wangu: binti aiombe Wizara kila nafasi ikitangazwa, lakini asipange maisha yake yote kuizunguka.

Umoja wa Mataifa nao uko Nairobi, pale Gigiri, ambako UNEP na UN-Habitat zina makao makuu. Wanafunzi huota uanagenzi wa huko. Jambo hili nakuambia wewe mlipa karo kuliko ninavyomwambia yeye: Sekretarieti ya UM hailipi wanagenzi wake mshahara. Baadhi ya mashirika ya UM hutoa posho, ila si yote. Miezi kadhaa ya kodi ya nyumba na nauli Nairobi itatoka mfukoni mwako. Kama fedha hizo hazipo, hajakosa maisha. Kisumu kwenyewe kuna makao makuu ya Tume ya Bonde la Ziwa Victoria, taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wanafunzi wa Nairobi wangetamani kuwa karibu nayo hivyo. Kuna pia ushirikiano wa kaunti 14 za kanda ya ziwa. Busia nako, mwendo wa saa chache kwa matatu, kuna kituo cha mpaka kilichounganishwa ambako msafiri anayetoka Kenya husimama mara moja tu, upande wa Uganda. Aombe atachimenti sehemu kama hizo. Akikaa Busia akawaona akina mama wakivusha mizigo midogo kwa cheti rahisi cha uasilia, yaani cha kuthibitisha bidhaa imetoka nchi gani, kile kinachotolewa palepale mpakani kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, atajua kuhusu soko la pamoja mambo ambayo hakuna mhadhiri atakayempa. Na akiona mama mwingine anapita njia ya panya ilhali cheti kipo na ni chake kwa haki, aulize kwa nini. Hapo ana mradi wake wa mwaka wa nne.

Sasa la sheria, na hapa nitakuwa wazi. Kama binti anaipenda sheria na anasita tu kati ya mbili, achukue sheria, halafu aje uhusiano wa kimataifa kwenye shahada ya uzamili. Njia hiyo huacha milango mingi wazi kuliko kinyume chake. Amina Mohamed, mzaliwa wa Kakamega aliyekuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje na kuongoza mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Nairobi mwaka 2015, alianza na shahada ya sheria. Diplomasia aliisomea baadaye. Lakini umesema mwenyewe hasikii la mtu. Mtoto anayesukumwa kwenye sheria asiyoitaka atakaa miaka minne ya shahada, kisha Kenya School of Law, kisha mitihani ya uwakili, akiwa hana hamu. Ni ghali, tena ni uchungu kwa wote. Sayansi ya siasa ni jirani wa karibu sana, na mara nyingine uniti zinafanana nusu kwa nusu. Hiyo asiiogope akiikosa ile nyingine.

Namna ya kuchagua chuo: msiangalie jina la kozi. Kozi moja huitwa uhusiano wa kimataifa, nyingine diplomasia, nyingine amani na migogoro, na nyingine imechanganywa na usimamizi wa majanga. Aombe orodha ya uniti za mwaka wa tatu na wa nne, iwe ni Maseno, Masinde Muliro, Egerton, Nairobi au chuo binafsi. Atafute vitu vitatu humo: sheria za kimataifa zenye zaidi ya uniti moja, mbinu za utafiti zenye takwimu, na nafasi ya kusoma lugha kwa miaka, si kwa muhula mmoja. Kozi isiyo na hata kimoja kati ya hivyo, nisingemlipia mwanangu. Ahakikishe pia programu imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha aingie KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, alinganishe alama zake za klasta na kiwango cha mwisho cha mwaka uliopita. B ni alama nzuri, ila klasta hukokotolewa kwa masomo manne, na wawili wenye B wanaweza kutofautiana sana.

Kifaransa ningekianza leo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kuna Burundi na Rwanda. Mtu wa Kisumu anayezungumza Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa anaweza kufanya kazi kutoka Mombasa hadi Kinshasa. Lengo liwe cheti cha DELF, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, ngazi ya B2 kabla ya kuhitimu. Chini ya hapo ni salamu tu. Na Kiswahili chenyewe asikidharau, kwani Umoja wa Afrika ulikipa nafasi ya lugha ya kazi Februari 2022, na wafasiri wa nyaraka wanaokijua kwa kiwango cha mikataba bado ni haba.

Miezi hii ya kusubiri chuo kifunguliwe, mpe kazi moja. Autafute Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Novemba 1999, uko bure mtandaoni, asome ibara ya 5 mpaka ya 8, kisha akae nawe kibandani Kibuye akueleze kwa maneno ya sokoni mkataba huo unakupa haki gani wewe unapoagiza nguo kutoka Kampala. Akiweza kukueleza ukaelewa, na akawa anataka kuendelea na ibara zinazofuata, lipa karo. Akichoka ibara ya 5, niandikie tena tuzungumze.