Kutega Panya Patagonia: Ujuzi wa Karura Unatosha?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kasarani, Nairobi. Mimi ni mwanafunzi wa biolojia, na mwezi wa Januari nitasafiri pamoja na wenzangu hadi Patagonia, upande wa Argentina karibu na mji wa Bariloche, kunasa mamalia wadogo, kuwachunguza na kuwaachilia. Nimewahi kutega panya katika msitu wa Karura. Je, ujuzi huo utanitosha kule?

JIBU: Ujuzi wa mikono utakufaa, kwani mtego ni uleule: kisanduku cha alumini chenye kibao ndani, ambacho panya akikikanyaga mlango hujifunga nyuma yake, na chambo ni oti zilizochanganywa na siagi ya njugu. Kinachobadilika ni adui wa mnyama aliyenaswa. Huku kwetu tunahofia siafu. Sijasahau asubuhi niliyofungua kisanduku nikakuta manyoya na mifupa tu, kwa sababu siafu walikuwa wamepita usiku. Kule muuaji ni baridi. Januari ni kiangazi chao, lakini usiku penye milima ya Andes joto linaweza kushuka hadi karibu na nyuzi sifuri, na panya wa gramu 25 aliyefungiwa ndani ya chuma hupoteza joto upesi mno. Kwa hiyo tia katika kila kisanduku chakula cha kutosha na fumba la pamba ya kujazia mito, ile isiyoshika maji, kisha ukifiche chini ya kichaka au gogo. Jua la Januari hutua huko baada ya saa tatu usiku na kuchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hivyo tega jioni kabisa na uwe umefika mitegoni kunapopambazuka. Usitege visanduku vingi kuliko unavyoweza kuvikagua mapema. Katika hili sina suluhu na mtu yeyote.

Huku nimewahi kumwokoa panya aliyepigwa na baridi kwa kumfunika viganjani na kumpulizia pumzi. Kule usithubutu. Panya wa mkia mrefu ambaye wenyeji humwita colilargo hubeba virusi vya Andes, vinavyosababisha ugonjwa hatari wa mapafu na vilivyotambuliwa mwaka 1995 huko El Bolsón, kusini mwa Bariloche. Mtu huambukizwa akivuta vumbi lenye mkojo, kinyesi au mate ya panya huyo, na virusi hivyo vinaweza pia kupita kutoka mtu hadi mtu: katika mlipuko wa kijiji cha Epuyén, hukohuko Patagonia, wa 2018 na 2019 watu 34 waliugua na 11 wakafariki. Fungulia visanduku mahali pa wazi, upepo ukikujia mgongoni, ukiwa na glavu, miwani na barakoa inayobana vizuri usoni, kisha uvioshe kwa maji yenye jiki. Mnyama aliyepoa mpashe joto akiwa ndani ya mfuko wa kubebea wanyama, kando ya chupa ya maji moto. Na ukirudi Nairobi, ukipata homa na maumivu ya misuli ndani ya wiki sita, mwambie daktari mara moja kwamba ulishika panya Patagonia, maana huku wazo la kwanza huwa malaria.

Omba pia ruhusa ya kufunga mitego michache juu ya matawi, na kutia ndizi mbivu ndani yake, kwa ajili ya monito del monte. Ni mnyama mdogo wa jamii ya wenye mfuko wa kulelea watoto, wa ukoo pekee uliobaki katika oda yake (oda ni kundi kubwa la wanyama wenye asili moja), na ndugu zake wa karibu wako Australia wala si kwa majirani zake wa Amerika. Huweka akiba ya mafuta katika shina la mkia, ambalo hunenepa hadi likaonekana kwa macho. Chakula kikipungua au baridi ikizidi, hupunguza joto la mwili wake na kulala fofofo, kwa hiyo ukimkuta amejikunja kama mpira, baridi na hatikisiki, usimwandike katika daftari kuwa amekufa. Mpe muda apate joto, mpime akiamka, kisha umrudishe kwenye tawi lilelile ulilomnasia.