Siku moja Buenos Aires

SWALI: Nasafiri kikazi Buenos Aires mwezi Juni, na nitakuwa na siku moja tu ya mapumziko. Nitazame majengo gani? – Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Anzia Plaza de Mayo asubuhi, ufuate Avenida de Mayo kwa miguu hadi bungeni, haifiki kilomita 2. Njiani, nambari 1370, lipo Palacio Barolo, jengo la msanifu Mario Palanti, lililokamilika 1923. Kimo chake cha mita 100 kinafuata idadi ya nyimbo (sehemu) 100 za shairi la Dante, mshairi wa Italia, kuhusu safari ya ahera: chini jehanamu, katikati toharani, juu peponi, na kileleni taa kubwa kama ya kuongozea meli. Vuka barabara kwanza ulione lote. Kupanda ni kwa ziara ya kuongozwa tu, kwa hiyo weka nafasi mapema. Ngazi za mwisho ni nyembamba sana, kwa hiyo acha begi hotelini.

Baadaye nenda Teatro Colón, jumba la opera (1908). Kavanagh, jengo la zege la 1936, litazame kutoka Plaza San Martín. Ndani ni makazi ya watu. Juni huko ni baridi, na jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, mapema kuliko Kisumu.