Tezi dume: kwa nini kwingine inaua zaidi kuliko kwingine

Barua za safari hii zimenifurahisha kwa jambo moja: wengi hamkuishia kwenye dalili, mmeuliza hesabu. Mwaka 2022 saratani ya tezi dume iliua wanaume takribani 397,000 duniani, na vifo hivyo havikugawanyika sawasawa. Nimechagua barua saba na kuzifupisha.

Daktari, nimesoma kwamba Ulaya Kaskazini ndiko saratani hii inakogunduliwa zaidi, lakini wanaokufa zaidi ni wanaume wa Karibea na wa Afrika. Hesabu hizi zinakubaliana vipi?

Zinakubaliana, ndugu yangu, ukishatenganisha vitu viwili ambavyo kila siku huchanganywa: kugunduliwa na kufa. Idadi ya wanaogunduliwa hufuata kipimo. Pale ambapo wanaume wasio na dalili yoyote hutolewa damu na kupimwa PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume na kuvujia kwenye damu, saratani nyingi huibuka. Zimo hata zile ndogo ambazo zingelala kimya hadi mwenyewe afe kwa maradhi mengine. Kwa hiyo nchi inayopima sana huonekana kana kwamba ina ugonjwa mwingi. Vifo haviongezeki kwa sababu ya kupima.

Tazama makadirio ya mwaka 2020, kwa kila wanaume 100,000, baada ya kusawazisha umri. Amerika Kaskazini waligunduliwa 73, wakafa 8. Afrika ya Kati waligunduliwa 36 hivi, wakafa karibu 25. Rudia kusoma hapo. Kule anakufa mmoja kwa kila tisa wanaogunduliwa. Huku, kwa kila watatu wanaogunduliwa, wanakufa wawili. Tofauti hiyo haitokani na tezi. Inatokana na siku ambayo mgonjwa alifika hospitali, na alichokikuta alipofika.

Karibea ndiyo inayonifikirisha zaidi. Huko waligunduliwa 76 hivi, karibu sawa na Amerika Kaskazini, ila waliokufa walikaribia 28, kiwango cha juu kuliko kanda yoyote duniani. Kwa hiyo kupima peke yake hakutoshi kueleza. Wanaume wengi wa visiwa vile wana asili ya Afrika Magharibi, na asili hiyo inahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kuugua. Halafu visiwa vidogo havina mashine za mionzi za kutosha, wala madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo wa kutosha, na mgonjwa hulazimika kuvuka bahari kufuata tiba. Mambo haya hubebana: hatari kubwa ikikutana na tiba haba, vifo hupanda.

Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi. Hii "kusawazisha umri" ni kitu gani, na kwa nini tusihesabu maiti tu?

Marahaba, mwanangu. Tuseme kuna vijiji viwili, kila kimoja kina wanaume 10,000. Cha kwanza kina wazee wa miaka 70 na zaidi 2,000. Cha pili kina 400 tu, wengine wote ni vijana na watoto. Tuseme pia kwamba katika vijiji vyote viwili, kwa kila wazee 1,000, watano hufa kwa saratani hii kila mwaka. Kijiji cha kwanza kitazika 10, cha pili kitazika wawili. Ukihesabu maiti tu utasema kijiji cha kwanza kina hatari mara tano, kumbe mzee wa huku na mzee wa kule wako katika hatari ileile.

Saratani ya tezi dume ni ugonjwa wa uzeeni, kwa hiyo kosa hili hupotosha hesabu zake kuliko za maradhi mengi. Ili kuliepuka, watakwimu huchukua viwango vya kila rika na kuvipima juu ya idadi moja ya watu ya mfano. Inayotumika sana ilipendekezwa na Mitsuo Segi wa Japani mwaka 1960, kisha ikarekebishwa na Richard Doll wa Uingereza. Afrika, yenye vijana wengi, huonekana nafuu ukihesabu maiti. Ukisawazisha umri, hali halisi hujitokeza.

Na Uswidi, iliyo Ulaya Kaskazini, kwa kuwa najua utauliza: huko hii ndiyo saratani inayoua wanaume wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Waswidi huishi miaka mingi, na saratani ya mapafu, inayoongoza katika nchi nyingi, kwao imewaua wanaume wachache.

Je, ni kweli kwamba ni damu yetu watu weusi, hakuna la kufanya?

Nusu ya kwanza ina ukweli ndani yake. Nusu ya pili naikataa kabisa.

Hatari ya kurithi ipo. Mwenye baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yuko katika hatari kubwa zaidi, na zipo sehemu za vinasaba zinazoongeza hatari ambazo huonekana zaidi kwa wenye asili ya Afrika. Marekani, wanaume weusi hufa kwa saratani hii kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya weupe. Lakini watafiti walipofuatilia wanajeshi wastaafu wa nchi hiyohiyo wanaotibiwa katika mfumo mmoja wa afya, ambako mweusi na mweupe huingia mlango mmoja, waliona kwamba baada ya kugunduliwa, weusi hawakufa na saratani hii zaidi ya weupe. Weusi waliugua zaidi, ndiyo. Ila walipotibiwa sawa, matokeo yalikaribiana.

Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "ni damu", muulize: damu ndiyo iliyomfikisha mgonjwa hospitali saratani ikiwa tayari kwenye uti wa mgongo?

Vifo hivi vinapungua au vinaongezeka?

Inategemea umesimama wapi. Marekani vilifikia kilele mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika miongo miwili iliyofuata viwango vikashuka kwa takribani nusu. Ulaya Magharibi navyo vikashuka. Sababu ni mbili na wataalamu bado wanabishania mgao wake: kipimo cha PSA kilichoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na tiba iliyoboreka, kuanzia upasuaji na mionzi hadi dawa za kuzima homoni za kiume. Wazo hilo la mwisho ni la zamani. Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba ukiondoa homoni ya kiume saratani hii hunywea, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel.

Halafu kuna sura ya pili. Mwaka 2012 jopo la wataalamu wanaoishauri Marekani kuhusu kinga lilisema wanaume wasipimwe PSA kwa jumla, kwa kuwa wengi walikuwa wakikatwa na kuchomwa mionzi kwa ajili ya saratani ambazo zisingewaua, wakabaki na mkojo usiozuilika au kushindwa tendo la ndoa. Upimaji ukapungua. Kuanzia mwaka 2014 waliogunduliwa wakaanza kuongezeka kwa asilimia 3 hivi kwa mwaka, ongezeko likiwa hasa kwa wale ambao ugonjwa umeshasogea, na kasi ya kushuka kwa vifo ikapungua sana. Mwaka 2018 jopo likalegeza msimamo: mwenye miaka 55 hadi 69 aamue pamoja na daktari wake. Mimi naona kosa la zamani halikuwa kupima. Lilikuwa kumtibu kila aliyekutwa nayo. Utafiti mmoja wa Uingereza uliofuatilia wanaume ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi ulionyesha kwamba baada ya miaka 15, waliokufa nayo walikuwa 3 hivi katika kila 100, wawe walifanyiwa upasuaji, walipigwa mionzi, au walifuatiliwa tu kwa karibu.

Katika sehemu kubwa ya Afrika na sehemu za Asia, mstari unapanda. Rejesta ya saratani ya Kampala, yaani orodha ya wagonjwa wa saratani wa eneo hilo, iliyoanza miaka ya 1950, imeonyesha wagonjwa wa tezi dume wakiongezeka kwa miongo mingi. Tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya duniani wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, na vifo kufikia karibu 700,000. Sehemu kubwa ya ongezeko inatokana na watu kuishi zaidi, na kuishi zaidi ni jambo jema. Lakini aliyevuka malaria na kifua kikuu hastahili kuja kufa kwa sababu mashine ya mionzi haipo.

Kwenye ramani ya dunia ya saratani hii, nchi fulani maskini zinaonyesha vifo vichache. Je, kweli ni salama?

Nyingine ndiyo. Asia ya Kusini na Kati ina viwango vidogo vya kugunduliwa na vya vifo pia, na kukosa vipimo hakuelezi yote. Hata Wajapani, waliokuwa na viwango vya chini sana, walipohamia Marekani waliugua zaidi ya ndugu zao waliobaki nyumbani, jambo linaloonyesha kwamba mazingira na maisha yana mchango wake.

Nyingine ni ukimya wa madaftari. Mfikirie karani wa rejesta ya saratani. Ana daftari la maabara mkono huu, la wodi mkono ule. Mzee mmoja kwenye maabara ameandikwa kwa jina la baba yake, wodini kwa jina alilozoea kuitwa, na umri umeandikwa "mtu mzima" basi. Ni mtu mmoja au wawili? Karani atapiga simu, atauliza, atalinganisha kijiji anakotoka. Hapo huyu amefika hospitali. Aliyefia nyumbani na maumivu ya mgongo hayumo katika daftari lolote, na kwenye ramani ataingizwa kwa makadirio yaliyotokana na nchi jirani. Hii rangi ya ramani tunayobishania, mara nyingi ni kazi ya makarani wachache sana, na nawaheshimu mno.

Nina miaka 52, kaka yangu amefariki kwa saratani hii. Nipime?

Ndiyo, zungumza na daktari wako mwezi huu. Kwa historia hiyo ya ukoo ungeweza hata kuanza mapema zaidi. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wanaume 162,000 hivi kwa miaka 23 ulionyesha kwamba kualikwa kupima PSA kulipunguza vifo kwa asilimia 13: kifo kimoja kiliepushwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa. Kipimo kikiwa juu si hukumu, kwani tezi iliyovimba tu au yenye maambukizi nayo hupandisha PSA. Uliza kama unaweza kupigwa picha ya MRI kabla ya kukatwa kipande kidogo cha nyama ya tezi kwa uchunguzi.

Daktari, mume wangu ana miaka 68. Mgongo unamuuma tangu miezi mitatu, usiku ndiyo zaidi, na amekonda. Anasema ni uzee.

Dada yangu, mpeleke wiki hii, na umwambie daktari maneno haya haya uliyoniandikia, hasa hilo la usiku. Saratani ya tezi dume ikisambaa hupenda mifupa ya mgongo na nyonga, na wapo wagonjwa wengi ambao dalili yao ya kwanza si mkojo, ni mgongo. Huenda ikawa kitu kingine kabisa. Itajulikana kwa kupimwa. Na hata ikiwa ni yenyewe na imesambaa, dawa za homoni huweza kumpunguzia maumivu ndani ya majuma machache na kumpa miaka.

Ila akianza kuhisi miguu haina nguvu au inakufa ganzi, au mkojo ukagoma ghafla, usingoje wiki. Huo ni uti wa mgongo unaobanwa. Mpeleke hospitali usiku huohuo.