Kwa Anayeanza Kufuga Samaki wa Usoni mwa Maji

Wengi wanaoanza hupanda mimea chini ya tangi kwa ustadi, kisha husahau kule juu ambako samaki wenyewe wataishi. Epiplatys annulatus, samaki mwenyeji wa vijito na vinamasi vya Guinea, Sierra Leone na Liberia, hafiki sana zaidi ya sentimita nne, na mdomo wake umeelekea juu kwa sababu huwinda wadudu wanaoanguka majini. Nimewafuga hapa Kisumu kwa miaka sita, na hadi leo nikimwona dume ametulia chini ya mizizi ya salvinia (mmea mdogo unaoelea), mikanda myeusi ubavuni na mkia wa buluu na mwekundu nyuma yake, huchelewa kazini.

Kwa hiyo panga tangi kuanzia juu. Mimea inayoelea ifunike nusu ya uso wa maji, na pampu ya chujio la sifongo ipunguzwe hadi majani yasisukumwe huku na huku, kwani samaki huyu hachoki upesi kwa jambo lolote kama kupambana na mkondo. Mimea ikizidi, ianike juani mpaka ikauke. Usiitupe mtaroni, nasi tunajua magugumaji yamelifanyia nini ziwa letu.

Kuhusu kifuniko, tafadhali usijifunze kama nilivyojifunza mimi. Niliacha upenyo wa kidole kimoja penye mpira wa pampu, na siku ya tatu nikamkuta jike amekauka nyuma ya meza, mwepesi kama ganda la kitunguu. Siku hizi naziba kila upenyo kwa sifongo na kushusha maji sentimita tano chini ya ukingo, maana samaki hawa huruka hata taa ikiwashwa ghafla usiku.

Maji ya mfereji yaondolewe klorini kwanza. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita ili bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, waongezeke. Usitie samaki kabla vipimo vya amonia na nitriti havijasoma sufuri. Walio Nakuru, ambako usiku ni baridi, wanunue kipasha joto na kukiweka kwenye nyuzi 24.

Chakula wanachokipenda kuliko vyote ni viluwiluwi vichanga vya mbu. Acha ndoo ya maji kivulini, uvichuje kila siku kwa kitambaa, na siku ya tano umwage yote mchangani bila kukosa, kwa sababu katika joto letu kiluwiluwi huweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hivi, na mbu huku kwetu ni malaria.

Wakishatulia, jike hutaga mayai machache kwa siku kwenye mizizi inayoelea. Vifaranga navyo hukaa usoni kabisa, wembamba kama uzi, na wazazi huwala. Wachote kwa kijiko mapema asubuhi, uwaweke katika chombo chenye maji ya tangi lile lile na kipande cha salvinia.