Kabla hujapiga fidla kwenye taarab, ijue historia ya kikundi

Vijana wengi wapiga fidla wanaotaka kuingia kwenye vikundi vya taarab asilia Zanzibar huniuliza jambo moja: nota nitazipata wapi? Nami nimelelewa na nota na ninazipenda. Lakini nawaambia waanze na historia ya kikundi chenyewe, maana humo ndimo utakapoelewa kwa nini wazee wanapiga vile wanavyopiga.

Chukua Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Kabla yake, kwa masimulizi yanayojulikana sana Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayopigwa kwa vidole. Wana Ikhwani nao waliagiza ala kutoka huko na kwa miaka mingi wakaimba kwa Kiarabu, nyimbo za Misri wakizinasa kwa sikio. Ndiyo maana taarab imesimama juu ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Maqamu kama Rast, Bayati na Sika zina sauti zinazoangukia kati ya vibao viwili vya piano, na akodiani ya kawaida haiwezi kuzitoa. Fidla inaweza, kwa sababu haina kitu kinachokizuia kidole. Ila hakuna karatasi itakayokuonyesha kidole kishuke kiasi gani! Kilichonisaidia mimi ni kuomba kukaa karibu na mpiga kanuni wakati wa mazoezi, nikawa nasikiliza zaidi kuliko kupiga, na sauti ile ikishakaa masikioni naitafuta kwenye waya wangu polepole. Fanya hivyo kwa maqamu moja mpaka uweze kuiimba bila ala, ndipo uende nyingine.

Jambo la pili, ambalo naona linapuuzwa mno, ni mashairi. Mwimbaji Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba kwa Kiswahili, na sauti yake ikafika mbali kuliko kumbi za wakubwa. Tangu hapo mshairi ni mtu mkubwa kwenye taarab sawa na mtunzi wa muziki. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili). Mwimbaji anapumzika kwenye kina cha kati, na hapo upinde nao unapaswa kupumua. Ukiuvuta upinde kupita hapo, unayafunika maneno, na msikilizaji wa taarab amekuja kusikiliza maneno. Mimi siugusi wimbo mpya kabla sijazijua beti zake kwa moyo. Nafasi yako inakuja mwimbaji anaponyamaza, fidla zinapomjibu.

Culture Musical Club kinafundisha jambo jingine. Kilianza mwaka 1958 miongoni mwa vijana wa chama cha Afro-Shirazi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikalelewa na serikali. Kikakua kuwa kundi kubwa kwelikweli: safu ya fidla, udi, kanuni, nai (filimbi), akodiani, chelo, besi, na ngoma za dumbaki na rika. Kimerekodi, kimezunguka Ulaya, na mwimbaji Bi Kidude, aliyetunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, aliimba nacho. Naona fahari kubwa ninapoyataja haya. Lakini sikiliza kinavyopiga basheraf, kipande cha ala tupu bila kuimba: fidla zote zinafuata mkondo mmoja wa sauti, kila mpigaji akiongeza pambo dogo tu. Ukija na madoido ya kujionyesha utasikika peke yako, na si kwa uzuri. Ustadi wako utauonyesha kwenye taksimu, pale mpigaji mmoja anapopiga peke yake kwa kubuni, siku utakapopewa.

Kama huna wa kukushika mkono, Dhow Countries Music Academy, iliyoanza mwaka 2002 Mji Mkongwe, imewafunza wengi fidla, udi na kanuni bila kuzitupa nota. Njia hizo mbili, ya nota na ya sikio, zinakaa pamoja vizuri, mradi sikio litangulie.

Ukishapokelewa kikundini, omba ruhusa urekodi mazoezi kwa simu. Kila wimbo andika jina la mshairi, la mtunzi wa muziki na maqamu yake, na waulize wazee hayo wangali wapo, kwa kuwa nyimbo nyingi za zamani hazijaandikwa popote.